Banjo Haijafa, Imelegea

Juma lililopita nilikuwa Uyole, pale njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inaachana na ile kuu iendayo Iringa. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, na baridi ya Uyole mnaijua wenyewe. Mpwa wangu alinipokea kwa "Shikamoo mjomba," na kabla sijaketi akaniarifu kwamba anauza gunia la maharage.

"Kuna mgonjwa?" nikamuuliza.

"Banjo yangu imekufa, mjomba. Jumamosi nina harusi. Nataka kununua gitaa."

Gunia lenyewe, msikilizaji, lilikuwa ndilo sare na madaftari ya mdogo wake.

Banjo ile aliitengeneza kwa mikono yake, kama wafanyavyo vijana wengi ng'ambo ya mpaka, Malawi. Shingo ni ubao, tumbo ni duara la mti lililowambwa ngozi ya mbuzi, na nyuzi ni waya wa breki ya baiskeli. Aliponipigia, nilisikia mlio wa mtu anayepiga godoro.

Tukamwita mzee jirani, ambaye ujanani alikuwa akiwamba ngoma. Hakuuliza bei ya gitaa. Aliibonyeza ngozi kwa kidole gumba, ikabonyea. "Hii haijafa," akasema, "imelegea."

Ngozi hunywa unyevu wa hewa. Ikishiba hulegea, na sauti huwa nzito na butu. Wapiga ngoma hulijua hilo, ndiyo maana huziota moto ngoma zao kabla ya kucheza. Mzee aliiweka banjo mbali kidogo na makaa, akawa anaigeuza polepole, kwa kuwa ngozi ikikaushwa kwa pupa hupasuka. Zile za kiwandani hukazwa kwa skrubu zilizozunguka duara. Nazo hukazwa kidogo kidogo, moja hapa na ya pili upande wa pili, ili ngozi isivutwe upande mmoja.

Kisha akakichukua kile kijiti kinachonyanyua nyuzi, ambacho mafundi hukiita daraja. Kijana alikichonga kinene kama mguu wa kigoda. Mzee akakipunguza kwa kisu, kwani daraja zito huufifisha mtikisiko wa uzi kabla haujafika kwenye ngozi. Jepesi huupitisha upesi, na sauti hutoka kali. Akakirudisha mahali pake kwa kupima: uzi ukibanwa katikati kabisa, ulie sauti ile ile ya uzi ulio wazi, ila ya juu. Daraja lilikuwa limeteleza, kumbe ndilo lililokuwa likiziharibu nyimbo!

Kijana akapiga. Safari hii ikalia kama bati. Mzee akacheka, akakunja kipande cha kitambaa, akakipachika nyuma ya ngozi. Makelele yakapungua, sauti ikabaki. Kila mara alibadili kitu kimoja tu, akasikiliza, ndipo akagusa kingine.

Wako wanaodhani banjo ni mali ya Wamarekani. Asili yake ni Waafrika wa Magharibi waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari, wakaunda tena huko vyombo vya kibuyu, ngozi na nyuzi. Mwaka 2005 Béla Fleck, mpiga banjo mashuhuri wa Marekani, alikuja Afrika kutafuta chimbuko hilo. Alifika hapa Tanzania na kupiga pamoja na Anania Ngoliga, bingwa wetu wa ilimba. Basi kijana wa Uyole anapowamba ngozi ya mbuzi hamuigi mtu. Anaendeleza kazi ya mababu.

Ndugu msikilizaji, sisemi kijana asinunue gitaa. Siku ikifika, anunue. Ninachosema ni kwamba tumekuwa wepesi mno wa kutangaza misiba. Redio ikikwama, imekufa. Cherehani ikiruka uzi, imekufa. Tunauza kilichopo ili tununue kitakacholegea mwakani, na wazee wanaojua kukaza wamekaa barazani bila kuulizwa.

Nilipoondoka jioni gunia lilikuwa bado limesimama pembeni mwa sebule. Nyuma yangu, mvua ikinyesha, banjo ilikuwa ikilia.