Chanjo ya lazima: kisa cha Rio de Janeiro, 1904

Wadau, mlioomba hotuba yangu ya mjadala wa chuo, maneno yenyewe ndiyo haya.

Kila chanjo mpya ikitangazwa, tunasikia kambi mbili. Huyu anasema "serikali ilazimishe watu", yule anajibu "mwili ni wangu". Kabla hujachagua upande, twende Brazil.

Rio ya 1904 ilisumbuliwa na ndui, tauni na homa ya manjano. Mkuu wa afya ya umma, daktari Oswaldo Cruz, alijua kazi yake. Alinunua hata panya kutoka kwa wananchi, maana viroboto wao ndio husambaza tauni. (Wajanja wakaanza kufuga panya wa kuuza. Ujanja wa mjini haukuanza leo.)

Sasa jiweke kwa mpangaji maskini. Miaka hiyohiyo serikali inabomoa nyumba zenu katikati ya jiji ipitishe barabara pana. Unakimbilia kilimani. Halafu watu wa afya wanakuja mlangoni pamoja na polisi. Tarehe 31 Oktoba sheria ya kulazimisha chanjo ya ndui inapita. Kanuni zake zinavuja gazetini: bila cheti hakuna kazi, hakuna shule, hata ndoa hakuna. Kwani wewe ungenyamaza?

Kuanzia 10 Novemba jiji liliwaka. Tramu zilipinduliwa, barabara zikafungwa. Na hapo wanasiasa na maafisa wa jeshi waliotaka mamlaka wakaona ngazi ya kupandia. Usiku wa tarehe 14, wanafunzi wa chuo cha kijeshi wakaandamana kuipindua serikali, wakashindwa. Tarehe 16 ulazima wa chanjo ukasimamishwa. Takriban watu 30 walikufa, zaidi ya 900 walikamatwa, na mamia wakapakiwa melini hadi Acre, mbali kule Amazon.

Wengi husimulia kisa hiki kama ujinga wa raia. Mimi sikubali. Cruz alikuwa sahihi kabisa kuhusu ndui, lakini chanjo yake ililetwa na serikali ileile iliyobomoa nyumba, tena kwa rungu. Nani angeiamini?

Na ndui haikungoja siasa ziishe. Mwaka 1908 ilirudi ikaua zaidi ya watu 6,000 Rio. Safari hiyo wengi walijipeleka wenyewe kuchanjwa, bila polisi mlangoni.