Memori Kadi Isikuponze

Msikilizaji wa Mkuza unayepiga picha za harusi na kipaimara, kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kununua memori kadi, tazama nembo iliyo karibu na tundu la memori kwenye kamera yako. Ikiwa ni SDHC, mwisho wake GB 32. Ukinunua ya 64 huenda isisomeke. Namba 10 ndani ya herufi C maana yake kadi huandika walau megabaiti 10 kwa sekunde, zinatosha video za kawaida.

Kadi feki ndizo balaa. Imeandikwa GB 128 kumbe ndani ni 8, na picha za keki zinafunguka nusu, za zawadi hazipo kabisa! Basi dai risiti, ijaze kadi video mpaka pomoni, uzifungue zote kwenye kompyuta kabla hujaipeleka kazini.