Ngome, Forodha na Kujitenga kwa Kusini

South Carolina ilipojitoa katika muungano wa Marekani tarehe 20 Desemba 1860, kwenye lango la bandari yake ya Charleston kulikuwa na ngome ambayo ujenzi wake ulikuwa haujakamilika. Fort Sumter ilikuwa mali ya serikali kuu. Bunge la South Carolina lenyewe liliridhia hivyo mwaka 1836. Sasa jimbo likaidai. Usiku wa tarehe 26 Desemba, Meja Robert Anderson wa jeshi la serikali kuu akawavusha askari wake kwa mashua kutoka Fort Moultrie, akajichimbia humo.

Kwingineko katika majimbo ya Kusini, mali za serikali kuu zilichukuliwa upesi. Georgia iliteka Fort Pulaski kabla hata ya kutangaza kujitenga. Louisiana ikatwaa ghala la silaha, kiwanda cha sarafu na forodha ya New Orleans.

Forodha ndiyo iliyouma, maana serikali kuu enzi hizo iliendeshwa hasa kwa ushuru wa bandarini. Abraham Lincoln, akiapishwa kuwa rais tarehe 4 Machi 1861, alisema hataivamia Kusini, ila atashika mali za serikali na kukusanya ushuru. Wajumbe wa Kusini walifika Washington kuzungumzia fidia ya mali hizo, lakini hawakupokelewa rasmi: kugawana mali kungekuwa kukiri kwamba talaka imeshatoka.

Wapo wanaodai hadi leo kwamba Kusini ilijitenga kwa sababu ya ushuru. Tuangalie tarehe. Sheria ya Morrill iliyopandisha ushuru ilipita Seneti Februari 1861, maseneta wengi wa Kusini wakiwa wameshaondoka. Ushuru uliokuwapo walipoanza kujitenga ni ule wa 1857, ambao ulikuwa umepunguzwa kwa kura zao wenyewe. Na tamko la South Carolina la tarehe 24 Desemba 1860, lililoeleza sababu zao, halilalamikii ushuru wa forodha. Linalalamikia kutorudishwa kwa watumwa waliotoroka. Watu karibu milioni 4 walikuwa utumwani. Anayeshikilia hadithi ya ushuru anawafuta hao katika historia yao.

Aprili, chakula cha Anderson kikawa kinakwisha. Lincoln akamjulisha Gavana Francis Pickens wa South Carolina kwamba anapeleka chakula. Saa 10:30 alfajiri ya tarehe 12, mizinga ya Kusini ikaanza kuipiga ngome. Kesho yake Anderson akasalimu amri. Tarehe 19 Lincoln akatangaza kuzifunga bandari za majimbo yaliyoasi, na tangazo lake lilianza kwa kusema kwamba huko sheria za kukusanya ushuru hazitekelezeki tena.