Kijana wa Kiislamu, Nenda Ukasome Saikolojia

(Mazungumzo na vijana wetu wa Otonglo, Kisumu, baada ya swala ya Alasiri)



Ndugu zangu, dada zangu, leo sitaongea juu ya polisi wala vitambulisho. Hayo tumeyazoea na tutayarudia. Leo nataka tuongee juu ya kozi. Ndiyo, kozi ya chuo kikuu. Wewe uliyemaliza kidato cha nne na uko tu hapo nyumbani, na wewe mwenye diploma kama mimi unayejiuliza kama urudi darasani, haya ni yako.

Naanza na kosa langu.

Kuna kijana tulikuwa naye kwa harakati hizi. Jina lake silitaji. Usiku mmoja baada ya Isha alinivuta kando, pale karibu na steji ya boda, akaniambia hapati usingizi, chakula hakipiti, na haoni sababu ya kuamka. Mimi nimezoea kushika maikrofoni, kwa hivyo nikampa hotuba. Subiri ndugu yangu, ongeza istighfari, kaa karibu na msikiti. Akasema sawa. Nikaenda zangu nikiwa nimeridhika. Sikumuuliza hata swali moja.

Siku chache baadaye alijaribu kujiua. Alhamdulillahi, yuko hai. Lakini sikiliza kilichofuata: watu wake waliogopa kumpeleka hospitali. Pesa ilikuwa shida, ndiyo, lakini hofu kubwa ilikuwa kwamba akitoka kitandani atapelekwa seli.

Na hawakuwa wanaota. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa, na kifungo kingeweza kufika miaka 2. Mtu anazama, badala ya kumtupia kamba unamuuliza nani alimruhusu kuingia majini. Sisi watu wa ziwa tunaelewa hilo. Ni Januari 9, 2025 tu ndipo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliposema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba: kinavunja usawa, utu na haki ya afya.

Sasa angalia ni nani walioipeleka kesi ile. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwepo, na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili kilikuwepo. Watu wa haki na watu wa akili, bega kwa bega. Hebu tujiulize: kwa upande wetu, vijana wanaotaka kuwa mawakili tunao, mashallah. Wanaotaka kusomea akili ya binadamu ni wangapi? Mama ambaye mwanawe alichukuliwa usiku na hajarudi, tunamtafutia wakili. Nani anamtafutia mtu wa kukaa naye mwezi wa 6, wakati kamera zimeondoka?

Wengine mtaniuliza, je, hii saikolojia si mambo ya Freud, ya watu wasiomtaja Mungu? Swali zuri. Jibu lake halikuanza leo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja. Alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na ile inayomjia mtu bila sababu anayoijua. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Na karibu na sisi, Malik Badri wa Sudan alisomea saikolojia mpaka mwisho, kisha mwaka 1979 akatoa kitabu akiwaonya wanasaikolojia Waislamu wasimeze kila kitu kutoka Magharibi. Lakini elewa: aliweza kuonya kwa sababu alikuwa amesoma. Ukikaa nje ya mlango huwezi kuchagua kilichomo ndani.

Na yule anayesema huzuni ni upungufu wa imani, amkumbuke Nabii Yaqub, alayhi salaam. Alilia kwa ajili ya Yusuf mpaka macho yakaingia weupe. Wanawe walimlaumu. Mwenyezi Mungu hakumvua unabii. Sijasema tuache dua. Tuswali, tusome Qur'ani, na pia twende kwa anayejua, vile vile tunavyofanya na malaria.

Basi kozi yenyewe ikoje? Nikuambie ukweli usije ukalia mwaka wa pili. Utasoma mtoto anavyokua, kumbukumbu, ubongo, tabia za watu katika kundi, na magonjwa ya akili. Na kuna takwimu. Wengi wanashtuka hapo, walidhani ni kuongea tu. Kama ulikimbia hesabu, anza kuzirudia sasa.

Ya pili, usichanganye vyeo. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia anatumia mazungumzo na vipimo. Shahada ya kwanza ni mlango, haikufanyi mtaalamu wa kutibu siku ya mahafali. Kwa kazi ya kutibu, jiandae kwa shahada ya pili. Tena tangu 2014 tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na kazi hii inataka usajili. Kwa hivyo kabla hujalipa hata shilingi, uliza chuo: kozi hii imetambuliwa? Mazoezi ya kazi nitafanyia wapi?

Ya tatu, kuingia. Shahada inataka C+ kwa KCSE. Hukuipata? Anza na diploma, kisha upande. Ni safari ndefu, mimi mwenyewe niko katikati yake, lakini ni barabara halali.

Ya nne, ada. Mkopo wa HELB unatozwa riba ya asilimia 4, na najua wengi wenu mnasimama hapo. Siwalaumu. Waulizeni mashekhe wenu, na msiishie kuuliza tu: ombeni basari ya kaunti na ya eneo bunge mapema. Na nyinyi wazee mnaosoma haya, kamati zetu zinajenga vyoo na minara. Jengeni pia mwanasaikolojia mmoja. Mmoja tu, msichana au mvulana, kwa miaka 4.

Kwa nini mmoja wetu? Kwa sababu mama wa hapa akiugua rohoni, jirani huyu atasema ni chira, yule atasema ni majini, na hospitali atakutana na mtu asiyejua eda ni nini wala kwa nini hataki kukaa chumba kimoja na mwanamume mlango umefungwa. Ataitikia kila kitu halafu hatarudi. Anahitaji mtu anayeongea naye Dholuo au Kiswahili, anayejua swala zake, na ambaye pia ana cheti, ana usajili, na anajua siri ya mgonjwa ni amana. Vyote kwa pamoja. Kimoja bila kingine hakitoshi, na mimi nimewaambia jinsi nilivyojifunza hilo.

Yule ndugu yetu sasa anapata msaada. Juzi aliniambia, "Kaka, siku ile nilitaka uninyamazie tu, unisikilize." Wallahi maneno hayo hayajanitoka.

Kwa wewe ambaye usiku wako ni kama wake: usibaki peke yako. Mwambie mtu leo. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haina malipo.

Na kwa mwenye matokeo yake ndani ya sanduku: Jumamosi baada ya Alasiri njoo nayo, tukae chini, tuangalie kozi moja moja. Ukiogopa kuja peke yako, njoo na rafiki.

Allah atufanye wenye kunufaisha watu. Amin. Wabillahi tawfiq.