Siku 21: niliyoyaona ndani ya biro ya sheria ya kampani



Nilisomea sheria Kindu. Kiisha nikakaa nyumbani zaidi ya mwaka, natembeza makaratasi biro kwa biro. Mwishoni kampani moja ikanichukua kwa staji katika biro yake ya sheria, miezi minane kwa jumla. Jina lake sitalitaja, na karatasi yake hata moja sikutoka nayo. Sheria ya Makosa, kifungu 73, inamwadhibu mtu anayetoa siri aliyopewa kwa ajili ya kazi yake. Lakini Sheria ya Kazi si siri ya kampani. Ilitiwa sahihi tarehe 16 Oktoba 2002, ni ya kila mtu, na leo nitasema juu ya hiyo.

Kwanza tuelewane. Wengi munaniita avoka. Hapana. Avoka ana toge, ameapa, na hawezi kuwa mtumishi wa mshahara ndani ya kampani. Mwanasheria wa ndani ana meza, ana shefu, anangojea mwisho wa mwezi sawa na mlinzi wa mlangoni. Mteja wake ni mmoja tu: nyumba inayomlipa. Miye nilipoingia niliwaza nitasoma mikataba mikubwa, mambo ya OHADA, zile sheria za biashara ambazo Kongo yetu iliziingia mwaka 2012. Kazi waliyonipa ilikuwa kuhesabu siku.

Kifungu 40, kwa maneno ya kwetu, kinasema hivi: mtu wa kazi ya siku kwa siku akishatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla ile miezi miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Hapo hauwezi tena kumwambia jioni "kesho usirudi" ukawa umemaliza. Kuna preavi, kuna sababu ya kueleza, kuna hesabu ya mwisho.

Shefu wangu alikijua kile kifungu kuliko profesa wangu. Kwenye mashini kulikuwa tablo: majina kushoto, siku kulia. Mtu akifika 19, namtia rangi ya manjano. Akifika 21, nyekundu. Jina linaenda kwa kapita, na asubuhi kapita anamwambia: kazi imepungua, pumzika kwanza. Kazi haikupungua! Siku ile ile mwingine anashika mahali pake, na yule wa kwanza anarudishwa miezi miwili ikiisha, anaanza tena moja. Kuna waliozunguka hivyo tangu mbele ya miye kufika. Na ile rangi nyekundu, wandugu, ni mkono wangu ulioitia.

Siku moja papa mmoja wa huku kwetu, anayebeba mifuko, alinikuta karibu na lango. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiye mwenye kusoma sheria? Ju ya nini kila nikianza kuzoea wananirudisha nyumbani?" Nilimjibu: "Papa, ni mambo ya biro." Nikapita. Usiku sikulala vizuri, lakini kesho yake nilifungua tablo tena.

Nitakuwa muongo nikisema sikufunzwa kitu kizuri mule. Shefu hakuwa mtu mbaya. Alinifunza kuangalia tarehe na sahihi mbele ya kusoma maneno. Alinifunza kwamba mkutano ukiisha, barua inaandikwa siku ile ile: "tulikubaliana hivi na hivi". Siye tunatoka kwenye mkutano na kampani tumepiga makofi, tumekunywa sukari, tunakumbuka kwa kinywa. Wao wanatoka na PV yenye sahihi zetu, kwa Kifaransa, na nusu yetu hatukuisoma. Mwaka ukipita, maneno ya nani yatasimama?

Katika mwezi wa sita nikaandika noti, ukurasa mmoja. Nikakumbusha kifungu 42: mtu akichukuliwa kwa kazi ya kudumu, kontra yake inapaswa kuwa ya muda usio na kikomo. Kubeba mifuko kila siku ya Mungu ni kazi ya kudumu ao hapana? Tena tablo yenyewe ilikuwa na matundu. Usiku wa kupakua malori haukuandikwa mara nyingi. Kwa hiyo kuna waliopita 22 kweli, kampani haikuhesabu, na wao wenyewe hawakuhesabu. Shefu akasoma, akakunja karatasi, akasema: "Hatukulipi utuonyeshe tunakosa wapi." Staji haikuendelea. Mutasema nilichelewa miezi sita, na muna haki.

Sasa, yule anayetumika siku kwa siku anunue kakaye kadogo, aandike: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la kapita, na nani alikuwa karibu naye. Usiku pia. Kukizuka ugomvi, mbele ya tribinali mlango wa kwanza ni inspekta wa kazi, kwa mapatano. Sheria haikuruhusu kumruka. Pale kakaye ya watu kumi wenye tarehe zinazolingana itasemwa tofauti na kilio cha mtu mmoja.

Siku ya posho tutaketi hapa hapa, asubuhi, na miye nitasaidia kila mtu kupanga siku zake, bure. Mulete chochote: tiketi, vipande vya karatasi, mesaji za kapita katika telefone. Yule papa nilikwenda kumwona wiki iliyopita, nikamweleza yote, hata ile rangi nyekundu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kiisha akasema atakuja, na kwamba ataniuliza lile swali lake tena, mbele ya watu wote.