Kuchagua Shule ya Helikopta: Maneno kwa Marubani wa Ndege za Mabawa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeipiga chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa kazini siku hiyo.)



Jambo tunalotaka kulisema leo lahusu fedha ya mwanachama na uhai wake. Wako wenzetu waliorusha ndege za mabawa miaka kumi au kumi na mitano, na sasa wataka leseni ya helikopta. Sisi hatuwazuii. Mwenye kazi mbili mkononi hamwogopi sana tajiri. Lakini mtu wa makamo haendi shule kama kijana wa miaka 20. Ana watoto wa kulipiwa karo, ana mkopo, ana wazee nyumbani. Akipoteza akiba yake hana miaka mingi ya kuitafuta tena. Kwa hiyo na aulize kwanza, kwa maana kuuliza si ujinga.

Swali la kwanza ni hili: saa zangu za zamani zitahesabiwa ngapi? Hapo watu wengi hudanganywa na matangazo. Sheria ya Marekani yasema ya kwamba mwenye leseni ya biashara ya ndege za mabawa aweza kuongeza helikopta akiwa na saa 50 tu za helikopta, maadamu saa zake zote zatimia 150, na kati ya hizo 50, saa 35 awe yeye ndiye rubani mkuu. Tena hafanyi mtihani wa kuandika mara ya pili. Ni njia fupi kweli. Lakini hiyo ni leseni ya Marekani. Kanuni za kimataifa zimeachia mamlaka ya kila nchi kuamua ni saa ngapi za ndege za aina nyingine zitakubaliwa. Basi mwenye kutaka kufanya kazi Kenya na aandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga hapa kwetu kabla ya kulipa hata senti moja, naye apate jibu kwa barua. Neno la mwenye shule si neno la mamlaka.

Tena tukumbuke ya kuwa kiasi cha chini cha sheria si kiasi cha ustadi. Tuseme shule yadai dola 400 kwa saa. Saa 50 ni dola 20,000. Ukihitaji saa 65, ni dola 26,000, na bado hujalipa mtahini, chakula na kitanda. Yule anayeweka akiba ya saa 50 kamili atasimama njiani.

Swali la pili ni la uhai, nalo twawaomba mlisikilize sana. Rubani mzoefu hudhani ya kwamba uzoefu wake utamlinda. Katika helikopta, uzoefu huo waweza kumwua. Kampuni ya Robinson, watengenezaji wa R22 ambayo shule nyingi huitumia, ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 1993. Sababu yake ni hii. Katika ndege ya mabawa, kengele ya hatari ikilia, mkono wetu husukuma usukani mbele bila kufikiri, ili bawa lipate upepo. Katika helikopta kengele hulia kwa sababu mapanga ya juu yamepungua mwendo. Dawa yake ni kushusha mtambo wa mkono wa kushoto, kuongeza moto wa injini, na kuvuta usukani nyuma kidogo. Mapanga ya R22 ni mepesi, na injini ikizima mtu ana sekunde moja hivi ya kufanya lililo sawa. Akisukuma mbele kwa ghafula, helikopta yapoteza uzito wake juu ya mapanga, yaanza kulala upande wa kulia, na rubani akiirudisha kushoto kwa nguvu, kitovu cha mapanga chaweza kugonga mhimili na kuukata. Hakuna anayerudi kueleza.

Kwa ajili hiyo Marekani iliweka kanuni ya pekee kwa R22 na R44 mwaka 1995. Mtu asiye na leseni ya helikopta, hata kama ni nahodha wa ndege kubwa, hana ruhusa ya kurusha R22 peke yake kabla ya kufundishwa saa 20 ndani yake pamoja na mwalimu. Shule ikikwambia, "Wewe ni mzee wa kazi, tutakupitisha upesi," ondoka hapo. Shule njema ni ile itakayokuambia ya kwamba mikono yako yahitaji kusahau kwanza ndipo ijifunze.

Basi ulizeni habari za mwalimu. Je, amepata kumfundisha rubani wa ndege za mabawa? Je, hufanya zoezi la kushuka bila injini mpaka chini kabisa, au hukomea hewani tu? Walimu wengi ni vijana wanaotafuta saa zao 1,000 ili wapate kazi kwingine. Si kosa lao, nao ni wafanya kazi kama sisi. Lakini mwalimu akihama katikati ya masomo, mwanafunzi huanza tena na mwingine, na saa hizo analipa yeye.

Swali la tatu waulizwe mafundi. Hapa twawapa marubani siri ambayo ndugu zao wa hanga wanaijua siku zote: usitazame ofisi, tazama hanga. Shule ina helikopta ngapi? R22 hufunguliwa yote na kutengenezwa upya ikitimiza saa 2,200 au miaka 12. Shule yenye mashine moja tu, nayo imebakiza saa 60, itakulaza hotelini miezi huku ukila akiba yako. Uliza pia kiti chabeba uzito gani. Kiti cha R22 mwisho wake ni ratili 240, na sisi watu wa makamo hatukubaki vile tulivyokuwa.

Tena fikirini pahali. Uwanja wa Wilson uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na helikopta ndogo yenye watu wawili adhuhuri haina nguvu nyingi za ziada. Mtu aliyesoma Florida, usawa wa bahari, atarudi na leseni safi mfukoni lakini hajapata kuona mashine ikikataa kuelea. Si sababu ya kutokwenda Florida. Ni sababu ya kutenga fedha za saa nyingine za mafunzo hapa nyumbani.

La nne ni malipo. Usilipe masomo yote mbele. Ndugu, hili si neno la woga. Huko Marekani ilikuwako shule kubwa iitwayo Silver State Helicopters, makao yake Nevada. Wanafunzi wengi walikopa karibu dola 70,000 kila mmoja na fedha zikaenda shuleni. Mwezi wa Februari mwaka 2008 shule ilifunga milango kwa siku moja na kufilisika. Wanafunzi zaidi ya elfu mbili walibaki na deni bila leseni, na wafanya kazi mamia wakabaki bila kazi. Lipa saa uliyoruka, au weka kiasi kidogo, upewe stakabadhi. Shule ikikataa, jiulize fedha yako yafanya kazi gani kwao kabla hujaruka. Uliza pia bima: mashine ikiharibika mkononi mwako, ni sehemu gani ya hasara utakayodaiwa wewe?

La mwisho ni kazi uliyo nayo. Usijiuzulu. Omba likizo bila mshahara, na barua iseme wazi ya kuwa miaka yako ya utumishi haikatwi. Tajiri akisema atakulipia masomo, soma miaka mingapi atakufunga, na deni litakuwa kiasi gani akikuachisha yeye mwenyewe. Na mtu asitegemee kufundisha Marekani ili arudishe fedha yake: mwenye viza ya M-1 ya masomo ya ufundi hapati zaidi ya miezi 6 ya kazi ya mazoezi baada ya kumaliza.

Ndugu zetu, leteni karatasi ofisini kwa chama kabla ya kutia sahihi. Katika kamati yetu wako marubani na wako mafundi, nao wataisoma pamoja nawe mstari kwa mstari. Kusoma karatasi hakugharimu kitu.