*KABLA YA KUBONYEZA "RUHUSU": Maneno ya Kamati kwa Wanachama wa Tawi*



Haya ndiyo tuliyoyasema kwenye mkutano wa Jumamosi. Tunayatuma hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kujibu.

Swali lililoletwa mezani ni hili: huduma za simu zinazotuonyesha njia, kutukumbusha siku za kuzaliwa na kututafutia marafiki kutoka kwenye nambari tulizohifadhi, je, zina nia mbaya? Wapo wanaosema ni njama. Wapo wanaosema ni woga wa bure.

Msimamo wetu ni kwamba si lazima uamini njama. Biashara yenyewe yatosha kututahadharisha. Facebook, Instagram na WhatsApp ni za kampuni moja, Meta, na karibu pato lake lote hutokana na matangazo. Mwenye tangazo hulipa ili amfikie mtu anayemtaka, kwa hivyo kampuni inataka kujua wewe ni nani, uko wapi na unapenda nini. Huduma ni ya kweli, ila bei yake haijabandikwa mlangoni.

Hatari kubwa ni kwamba taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja huishia kwenye kazi nyingine. Tazameni mifano hii mitatu.

*Cambridge Analytica.* Watu wapatao 270,000 walijibu maswali kuhusu tabia zao katika programu moja ya Facebook. Kupitia kwao, zikachukuliwa taarifa za watu wanaofikia milioni 87, ambao wengi wao hawakujibu swali hata moja. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Mwaka 2018, Channel 4 ya Uingereza iliwanasa wakubwa wa kampuni hiyo kwa kamera ya siri wakijigamba kuwa walifanya kazi katika kampeni za urais hapa Kenya mwaka 2013 na 2017.

*Worldcoin.* Mwaka 2023 watu walipanga foleni ndefu KICC wapigwe picha za mboni za macho, wapewe sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha zoezi hilo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo zifutwe. Hatuwacheki waliopanga foleni, maana shilingi 7,000 ni pesa. Lakini neno la siri likiibwa utalibadilisha. Jicho utalibadilisha na nini?

*Vyama vyenyewe.* Juni 2021 Wakenya wengi walifungua eCitizen wakakuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Hapo hatuwezi kulaumu kampuni ya Marekani. Ni majina na nambari za vitambulisho vya wananchi, mikononi mwa watu wa siasa kama sisi.

Ndiyo maana tumekataa ile programu ya kusajili wanachama tuliyoletewa. Ni ya bure na ni ya haraka, lakini inataka kusoma nambari zote zilizomo kwenye simu ya anayesajili. Ndani ya simu yako kuna jirani wa chama kingine, kuna daktari wako, kuna mtumishi wa serikali asiyetaka kuhusishwa na siasa. Hao hawajakubali, na wewe huwezi kukubali kwa niaba yao.

Vijana wametuambia matawi mengine yatatupita kwa idadi. Huenda ikawa kweli. Tutaenda polepole, nyumba kwa nyumba. Mwanachama aliyetia sahihi mwenyewe atatoka siku ya kura. Jina lililookotwa kwenye simu halipigi kura.

*Tulichokubaliana:*

1. Usajili ni kwa fomu, na mwenyewe atie sahihi.
2. Usitume picha ya kitambulisho kwenye kikundi hiki, hata akiiomba mwenyekiti.
3. Fungua mipangilio ya simu uone ni programu gani zinazoruhusiwa kusoma nambari zako, kujua ulipo na kutumia maikrofoni. Isiyohitaji, iondolee ruhusa. Vijana, wasaidieni wazee.
4. Ingia eCitizen uhakikishe umesajiliwa chama gani.
5. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuuliza tuna taarifa gani kukuhusu, zirekebishwe au zifutwe. Mwone katibu. Hutaulizwa sababu.

Asiyekubaliana nasi alete hoja mkutano ujao, tutamsikiliza.


*Kamati ya Tawi*